Barua ya kufukuzwa isiwe onyo la kwanza

Kila msimu wa mahafali kuna familia inayokodisha matatu, inachinja mbuzi, halafu inafika chuoni na kukuta jina la mtoto wao halimo kwenye kitabu cha wahitimu. Mara nyingi kijana alijua. Ama alijua nusu: kuna yuniti mbili za mwaka wa pili ambazo alama hazikuwahi kuonekana kwenye potali, sapu moja ambayo hakuifanya kwa kuwa karo haikuwa imekamilika, na barua kutoka kwa idara ambayo pengine iliandikwa, pengine haikuandikwa. Miaka minne imeisha hivyo. Wavivu wapo kampasi, na wanajijua. Lakini hadithi hii haiishii kwao.

Sheria zenyewe si ngumu. Katika vyuo vyetu vingi vya umma alama ya kupita ni 40 kwa 100, na kwa kozi kama udaktari ni 50. Kwa kawaida CAT hubeba 30 na mtihani wa mwisho 70. Ukianguka yuniti chache, unafanya mtihani wa marudio, ile sapu ambayo kila komredi anaijua. Ukianguka nyingi, unarudia mwaka. Ukizidi hapo, au ukirudia mwaka na bado ukaanguka, unaondolewa kwenye kozi. Idadi ya yuniti zinazokutoa hatua moja hadi nyingine hutofautiana chuo kwa chuo, wakati mwingine hata kitivo kwa kitivo, na Seneti ndiyo inayotoa uamuzi wa mwisho.

Sasa tazama kinachokosekana kwenye ngazi hiyo. Hakuna mahali ambapo mtu anakuita, anakuketisha, anakuambia: ndugu, unaelekea kubaya, muhula huu chukua mzigo mdogo, na kila wiki mbili uje tuone unavyoendelea.

Wamarekani wana hatua hiyo. Vyuo vyao vingi hupima mwanafunzi kwa wastani wa alama kati ya 0 na 4, na ukishuka chini ya 2.0 unawekwa chini ya uangalizi. Hujafukuzwa. Unapewa muhula mmoja au miwili kujinyanyua, mara nyingi ukiwa umepunguziwa masomo na kulazimishwa kukutana na mshauri. Ukishindwa, ndipo unasimamishwa. Mfumo huo si wa mbinguni. Mwanafunzi anayetegemea msaada wa serikali yao anaweza kupoteza pesa hizo kabla chuo hakijamfukuza, kwa sababu msaada nao una masharti yake ya maendeleo ya masomo. Lakini angalau mtu anajua amesimama wapi. Na hatuhitaji kupanda ndege kuuona: hapa Nairobi, USIU-Africa kando ya Barabara ya Thika hutumia wastani huo huo wa Kimarekani.

Kwetu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuanguka yuniti tatu muhula wa Septemba na asijue hadi muhula wa pili uko karibu kuisha. Alama lazima zipite kwa mhadhiri, kwa bodi ya idara, kwa mtahini wa nje, kwa bodi ya kitivo, kisha Seneti. Hatupingi safari hiyo, inalinda thamani ya digrii. Tunachopinga ni kwamba katikati ya safari hakuna anayempigia simu mwenye mtihani wake. Wakati huo ashaanza kusoma yuniti inayotegemea ile aliyoanguka. Anajenga ghorofa ya pili juu ya ukuta ambao haupo. Halafu tunashangaa akianguka zote mbili.

Kuna jambo lingine ambalo wasee wengi hulijua wakiwa wamechelewa, nalo ni tofauti kati ya sapu na mtihani maalumu. Chukua mwanafunzi aliyepata 18 kati ya 30 kwenye CAT. Alihitaji 22 tu kati ya 70 ili apite. Siku ya mtihani akawa amelazwa hospitalini, au yuko kijijini akimzika babake. Akiandikia idara mapema, akaambatisha barua ya daktari au ya chifu, na ombi likakubaliwa, atafanya mtihani maalumu na alama zake zitahesabiwa kama za kila mtu. Akipata 45, jumla ni 63, daraja la pili la juu. Asipoandika chochote, anahesabiwa kuwa aliukwepa mtihani. Akibahatika kupewa sapu, hata ajibu kila swali, vyuo vingi vitamwandikia 40 tu. Mwanafunzi yule yule, ugonjwa ule ule, na tofauti ya alama 23 imetokana na karatasi moja ambayo hakuna aliyemweleza kwamba anapaswa kuiandika.

Ni sawa na kuahirisha masomo. Ukiona mambo yamekulemea, iwe ni akili, ni mtoto, ni pesa, chuo kinaweza kukuruhusu ukae nje mwaka na urudi, mradi uombe kwa maandishi. Ukitoweka tu ukaenda kutafuta hasla Githurai, kwenye rekodi wewe ni mtoro aliyeanguka yuniti zote. Watu wawili wamefanya jambo lile lile. Mmoja anarudi darasani, mwingine anapokea barua ya kuondolewa.

Karo ndiyo inayoudhi zaidi. Chuo kinaweza kukunyima kadi ya mtihani kwa sababu ya salio, kisha mfumo ukaandika kwamba umeanguka. Aliyekosa pesa na aliyekosa kusoma wanaingizwa kwenye safu moja. Tangu mfumo mpya wa ufadhili uanze mwaka 2023, ambapo wanafunzi hupangwa katika makundi kulingana na uwezo wa familia, tumesikia malalamiko mengi ya watu waliowekwa kundi lisilo lao. Rufaa inachukua muda. Mtihani haungoji. Na ukirudia mwaka, usitegemee HELB ibebe mwaka huo wa ziada. Mkopo umepangwa kwa miaka ya kozi. Kwa hiyo aliyeanguka kwa kukosa pesa anaadhibiwa kwa kutafuta pesa zaidi. Hapo ndipo wengi hupotelea, wala si kwenye hesabu au kemia.

Wahadhiri watatuambia: mkianza kubembeleza wanaoanguka, digrii itakuwa karatasi ya kufungia maandazi. Tunawasikia. Hatuombi alama ya kupita ishushwe. Arobaini iko chini vya kutosha, na hakuna anayetaka kutibiwa na daktari aliyepita kwa huruma. Tena kuna watu wanaostahili kuondolewa, na kuwaacha wakae miaka sita wakilipa karo kwa kozi wasiyoiweza ni ukatili wa aina yake. Kuna aliyepelekwa na KUCCPS kwenye kozi ambayo hata hakuiweka kuwa chaguo lake la kwanza, naye angefaa kuambiwa mwaka wa kwanza kwamba ahame. Ndiyo maana tunataka onyo lije mapema. Hata kumwambia mtu aondoke ni afadhali umwambie akiwa na miaka 19 kuliko 23.

Isitoshe, sheria ya nchi imeshasema. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya hatua za kiutawala zilizo za haraka na za haki, na kama uamuzi unagusa haki yake, apewe sababu kwa maandishi. Sheria ya mwaka 2015 iliyotekeleza kifungu hicho inataka mtu aarifiwe kabla, apewe nafasi ya kusikilizwa, na aelezwe haki yake ya kukata rufaa. Usiende mahakamani ukitarajia jaji akuongezee alama. Kusahihisha mitihani si kazi yake. Lakini kama hukuarifiwa wala kusikilizwa, hapo una neno la kusema.

Tunavitaka vyuo vifanye mambo ambayo hayahitaji bajeti mpya. Alama za muda zionekane kwenye potali kabla ya muhula unaofuata kuanza, hata zikiwa na maandishi mekundu kwamba Seneti haijaziidhinisha. Anayeanguka yuniti mbili aitwe na mshauri wake wa masomo, yule ambaye kwa sasa wengi humjua kwa jina tu kwenye fomu ya usajili. Aliyekosa mtihani kwa sababu ya karo aandikwe hivyo, asiandikwe ameanguka. Na alama zilizopotea zipewe siku ya mwisho ya kutafutwa. Ikipita, mzigo uwe wa idara, si wa mwanafunzi anayezunguka na karatasi kutoka ofisi hadi ofisi akiambiwa arudi Jumanne.

Nawe unayeripoti Septemba hii, ile kanuni ya mitihani iko kwenye tovuti ya chuo au kwenye kijitabu ulichopewa pamoja na ramani ya kampasi. Ni kurasa chache. Tafuta mambo matatu: ni yuniti ngapi zinazokurudisha mwaka, ni ngapi zinazokuondoa, na una siku ngapi za kukata rufaa tangu barua itolewe. Siku hizo huwa chache, na kwa kawaida huhesabiwa kuanzia tarehe iliyo kwenye barua, hata kama wewe umeisoma wiki tatu baadaye ukiwa ushagoo ambako mtandao hushika ukipanda kilima.