Akiba Yako Nayo Ina Gharama

Neno rasilimali tulilipata kutoka Kiarabu, na asili yake ni kichwa cha mali. Waingereza nao waliazima lao kutoka Kilatini, ambako asili yake ni kichwa vilevile. Lugha zimeafikiana, linalotupiga chenga ni hesabu.

Wanafunzi wangu wengi hushikilia kwamba gharama ya mtaji ni riba ya benki, basi. Mwenye duka aliyeanza kwa akiba yake hujigamba kuwa hadaiwi na mtu. Lakini fedha hizo angeweza kuikopesha serikali kwa hati za dhamana, zikazaa yeye akiwa usingizini. Kile alichokikosa ndicho gharama yake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtaji ni shilingi 400,000: nusu ni mkopo wa riba ya asilimia 16, nusu ni akiba ambayo mwenyewe, kwa hatari anayoikabili, anataka imzalie asilimia 20. Gharama ya mtaji wote ni asilimia 18, yaani shilingi 72,000 kwa mwaka, kodi tukiiweka kando. Duka likiingiza 50,000 kabla ya riba, benki itachukua 32,000, naye atashangilia 18,000 zilizosalia. Kumbe akiba yake imezaa asilimia 9 tu!

Dhana hiyohiyo, kwamba bei ya mtaji ni tarakimu ya riba inayoweza kuamriwa, ndiyo iliyotuponza mwaka 2016. Sheria ilizuia mabenki kutoza zaidi ya asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Wananchi walishangilia, na siwalaumu. Anayekumbuka mwaka 1993, hati za hazina za siku 91 zilipopita asilimia 70, anaielewa hasira yao. Ila ndani ya riba mna bei ya hatari. Benki iliyokatazwa kuitoza bei hiyo haikuibeba hatari yenyewe. Ilimnyima mkopo fundi wa jua kali, ikaikopesha serikali. Novemba 2019 kizuizi hicho kiliondolewa.

Ndiyo maana nawageukia walimu wa masomo ya biashara. Mwanafunzi anayekokotoa faida ya duka na atakiwe, kabla ya kupiga mstari wa mwisho, kuondoa pia kile ambacho akiba ya mwenye duka ingalizaa kwingineko.