Sumu Inayoua Walinzi wa Mahindi

Tangu viwavijeshi vamizi walipogunduliwa Afrika mwaka 2016 na kufika Kenya na Tanzania mwaka uliofuata, wakulima wengi wamenyunyizia mahindi viuadudu vya wigo mpana, yaani sumu zinazoua wadudu bila kubagua. Kiwavi hujificha ndani kabisa ya moyo wa mhindi, ambako dawa humfikia kwa shida, ilhali sisimizi na buibui wanaomwinda, pamoja na nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai ya nondo wake na kuyaharibu, huangamia juu ya majani, hivyo kiwavi aliyenusurika hubaki bila adui. Nyuki nao hubeba mabaki ya sumu hadi mzingani. Serikali hazina budi kuacha kugawa sumu kama jibu la kwanza, na badala yake ziwawezeshe maafisa ugani kufundisha mbinu ya vuta-sukuma, iliyoendelezwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, ambapo mmea wa desmodiamu kati ya mistari ya mahindi hufukuza nondo huku nyasi za pembezoni zikiwavuta. Tena mmea huo hurutubisha udongo na kudhibiti kiduha, gugu linalofyonza mizizi ya mahindi.