Oili Nzito Si Dawa ya Injini

Wakulima wengi siku hizi wana pikapu ya kupelekea maziwa na mboga sokoni, na wengine wana trekta. Ni maendeleo ya kufurahisha. Lakini iko desturi moja ambayo yafaa tuiache. Mtu akienda dukani kununua oili ya injini huuliza jambo moja tu: "Je, ni nzito?" Akijibiwa kwamba ni nzito, hulipa na kwenda zake. Maoni yangu ni kwamba swali hilo limeua injini nyingi kuliko barabara mbovu.

Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa na pikapu ya dizeli, nikibeba maziwa yangu na ya majirani kila alfajiri huko Kinangop, mahali palipo juu zaidi ya mita 2,400, ambapo asubuhi nyingine majani huwa meupe kwa baridi kali. Fundi mmoja alinishauri nitie oili namba 50, ya kupimwa kutoka katika pipa, kwa kuwa ati "inashika". Nami nikatia. Baada ya miezi michache injini ilianza kugonga kila nilipoiwasha. Asubuhi moja ikafa njiani, na maziwa ya nyumba sita yakachacha. Ilipofunguliwa tuliona beringi zimelika na njia za oili zimejaa tope jeusi. Niliuza ng'ombe wawili kuitengeneza.

Kosa lilikuwa nini? Oili ina kazi ya kulainisha, kupoza na kusafisha. Haiwezi kufanya hata moja kama haijafika inapotakiwa. Oili nzito wakati wa baridi ni kama uji uliolala: haimiminiki. Basi injini inapowashwa, vyuma vya juu huzunguka vikiwa vikavu, na chuma husugua chuma mpaka oili ifike.

Kwa sababu hiyo jifunzeni kusoma maandishi ya mkebe. Tuseme umeandikwa 15W-40. Namba hizo zatokana na kipimo cha SAE, chama cha mainjinia wa magari wa Marekani, ambacho kilianza kupanga unene wa oili mwaka 1911. Namba iliyo mbele ya W huonyesha jinsi oili inavyopita wakati wa baridi. Ikiwa ndogo zaidi, oili hupita upesi zaidi. Namba ya mwisho huonyesha unene wake ikiwa moto, kwenye digrii 100. Kwa hivyo oili moja yaweza kuwa nyepesi alfajiri na bado ikashika mchana mnapopanda mlima na mzigo. Oili yenye namba 50 peke yake haina faida hiyo.

Kisha tazameni herufi za API. Herufi S ni ya injini za petroli, na C ni ya dizeli. Herufi inayofuata huonyesha kama kanuni ni ya zamani au ni mpya. Oili ya CD haifai kwa injini nyingi za dizeli zilizoundwa baada ya mwaka 1994, lakini watu huinunua kwa kuwa ni rahisi. CI-4 ilitoka mwaka 2002, na CK-4 mwaka 2016. Gari la dizeli lenye chujio la masizi katika bomba la moshi lataka oili yenye majivu machache, la sivyo chujio huziba.

Je, tununue ipi? Jibu limo katika kitabu cha gari. Pikapu na trekta nyingi za zamani huridhika na 15W-40 ya dizeli. Lakini magari mengi madogo mapya kutoka Japani hutaka 0W-20 au 5W-30, maana njia zake za oili ni nyembamba. Ukiyatia oili nzito hula petroli zaidi na kuchoka upesi. Kama kitabu kimeandikwa kwa lugha usiyoijua, tafuta mtu akusomee kabla hujalipa, wala si baada ya hasara.

Wenye trekta wasichanganye oili ya injini na ile ya giaboksi na haidroliki. Na mwenye pikipiki aangalie alama ya JASO MA, kwa kuwa klachi ya pikipiki nyingi huogelea katika oili ile ile ya injini, na oili ya gari yaweza kuifanya iteleze.

Najua wengine watasema, "Injini yangu ni kuukuu na inatoa moshi, nayo oili nzito huupunguza." Ni kweli, moshi hupungua, lakini ugonjwa haukupona, umefunikwa tu. Ndiyo hila ya baadhi ya wauzaji wa magari makuukuu. Wengine watasema oili nzuri ni ghali. Hao nawaomba walinganishe bei ya mkebe mmoja na bei ya ng'ombe wawili.

Nunueni mkebe uliofungwa vizuri, wenye alama ya ubora ya KEBS, katika duka ambalo mwenyewe mnamjua. Msinunue oili ya pipa ambayo hakuna ajuaye ilikotoka. Kila mbadilishapo oili, badilisheni na chujio lake, kisha andikeni tarehe na kilomita, au saa kama ni trekta. Vitabu vya trekta nyingi husema saa 250. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Na oili chafu msiimwage shambani wala mtoni, kwa maana huharibu maji ya kunywa. Irudisheni gereji katika debe.

Mkulima hapandi mbegu yo yote kwa sababu tu ni nene. Huuliza kwanza kama yafaa udongo wake. Na injini tuifanyie vivyo hivyo.