Asiyekuwapo na Lake Halipo

Majira ya kuchipua yaliyopita, tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa jengo ambamo mmoja wetu anaishi na mama yake, hapa Flemingsberg. Lilikuwa na ramani, nembo, na aya tatu za Kiswidi cha ofisini, kile chenye maneno marefu kama treni ya mizigo. Mama alilitupia jicho, akadhani ni habari za chumba cha kufulia nguo, akapanda zake ngazi. Wiki mbili baadaye tukagundua kwamba lilikuwa mwaliko. Wakazi walitakiwa waje kutoa maoni kuhusu mpango wa ujenzi, pamoja na njia ambayo maji ya mvua yatapitishwa. Kikao kilikuwa kimeshapita. Mama alipoelezwa alisema, "Kumbe!" Halafu akaongeza kwamba angekwenda, maana kuhusu maji yeye ana mengi ya kusema.

Ni kweli anayo. Amekulia Kilimanjaro, kwenye kihamba kinachopitiwa na mfongo, na tangu utotoni alijua ni siku gani maji ni ya kwao na siku gani ni ya jirani. Lakini wahenga walishasema: asiyekuwapo na lake halipo. Tunaandika makala haya kwa sababu tunaamini kwamba mipango ya maji inayofanywa bila watu kama mama huyu ni mipango yenye tundu, na kwamba sisi wanachama wa chama hiki tuna sehemu yetu katika kuliziba.

Tuanze na maji yenyewe. Ukishuka kwenye treni Flemingsberg huoni mto. Unaona reli, hospitali, majengo ya chuo na yale maghorofa ya rangi rangi ya Grantorp. Hata hivyo, sote tunaishi ndani ya bonde la mto. Tone linaloanguka juu ya paa la maktaba, au kwenye maegesho ya magari, linaingia kwenye kitundu cha barabarani na kusafiri chini ya ardhi hadi kwenye ardhioevu ya Flemingsbergsviken. Ardhioevu hiyo ilitengenezwa miaka ya 1990 ili kuyasafisha maji ya mvua kabla hayajaingia Ziwa Orlången. Humo maji hupunguza mwendo, tope na uchafu hutuama, na mimea hufyonza sehemu ya fosforasi na nitrojeni ambazo zingelisha mwani ziwani. Kutoka Orlången maji huenda Magelungen, kisha Drevviken, na hatimaye hupitia Tyresö hadi Bahari ya Baltiki. Njiani hayaulizi mpaka wa manispaa uko wapi. Drevviken peke yake imezungukwa na manispaa nne: Stockholm, Huddinge, Haninge na Tyresö.

Eneo lote linalokusanya maji ya namna hii, wataalamu wa maji wa Tanzania huliita bonde, na sehemu zake ndogo huziita vidakio. Neno hili tunalipenda. Kidakio kinatokana na kudaka, kama mtoto anavyodaka mpira. Ardhi inadaka mvua, na kila aliyesimama juu ya ardhi hiyo, awe anajua au hajui, naye ni mdakaji. Anayeosha gari lake kwenye lami Jumamosi asubuhi kabla ya kwenda harusini anapeleka sabuni na mafuta kwenye kitundu kilekile. Tuseme ukweli, ndugu zetu wengi huosha magari hivyo, na si kwa ubaya. Nyumbani maji machafu yalimwagwa uani na ardhi ikayanywa. Hapa hakuna aliyewaambia kwamba kitundu cha barabarani si choo, na kwamba mwisho wake ni ziwani.

Sheria haina kasoro kubwa katika jambo hili. Mwaka 2000 Umoja wa Ulaya ulipitisha Mwongozo wa Maji, ambao unazitaka nchi wanachama zisimamie maji kwa mabonde badala ya kufuata mipaka ya utawala. Kifungu chake cha 14 kinazitaka zihamasishe ushiriki wa wote wanaohusika, na kuwapa wananchi angalau miezi sita ya kutoa maoni kwa maandishi juu ya rasimu ya mpango. Uswidi imegawanywa katika kanda tano za maji. Sisi tumo katika kanda ya Baltiki Kaskazini, ambayo makao ya mamlaka yake yako Västerås. Mipango huenda kwa mizunguko ya miaka sita, na mzunguko wa sasa unaishia 2027. Manispaa za bonde letu nazo zina umoja wao wa kutunza maji ya Tyresån. Kwa hiyo milango ipo. Swali letu ni nani anayeingia.

Baada ya kisa cha yule mama, baadhi yetu tuliamua kuhudhuria kikao kimoja cha mashauriano. Tulikaribishwa vizuri, na kahawa ilikuwapo pamoja na mikate ya mdalasini. Ukumbi ulikuwa na watu kama thelathini. Wengi walikuwa na mvi, wamiliki wa nyumba zenye bustani na wapenzi wa ndege, watu wema waliokuja na maswali mazuri. Lakini mtaa wetu haukuwamo. Hakukuwa na dereva wa basi, wala msafishaji wa hospitali, wala vijana wanaokwenda kuvua Orlången jioni za kiangazi. Mtoa mada alipomaliza alisema kwamba wadau wameshirikishwa. Tuliangaliana.

Neno hili "wadau" linahitaji kuangaliwa. Katika taarifa za habari za Dar es Salaam na Nairobi halikosekani: "serikali kwa kushirikiana na wadau mbalimbali." Limekuwa kama kanzu ya kuazima, kila mtu linamkaa. Ukiuliza wadau hao ni nani, hupati jina wala kazi. Sisi tunaona mpango wa maji haupaswi kuwa na "wadau mbalimbali" hata mmoja. Uwe na wavuvi, wafugaji, wakulima wa juu na wakulima wa chini, kampuni ya umeme, akina mama wa mtaa fulani. Ukimtaja mtu kwa kazi yake utaona mara moja nani hayupo.

Mfano tunaoufahamu zaidi ni Bonde la Pangani. Maji yake yanatoka Kilimanjaro, Meru na milima ya Upare na Usambara. Kikuletwa na Ruvu hukutana kwenye Bwawa la Nyumba ya Mungu, na kuanzia hapo Pangani hushuka, ikizungusha mitambo ya umeme, hadi mji wa Pangani kwenye Bahari ya Hindi. Kabla ya ofisi yoyote, juu milimani kulikuwa na utaratibu. Wachagga walichimba mifongo, mifereji inayochukua maji kijitoni na kuyatembeza ubavuni mwa mlima hadi vihambani. Wapare walijenga ndiva, mabwawa madogo ya kuweka maji ya usiku ili yafunguliwe mchana. Mfereji ulikuwa na wazee wake, zamu zake na siku za kazi ya pamoja. Asiyefika kusafisha mfereji alitozwa faini au alikosa maji. Huo ulikuwa mpango wa bonde, ingawa haukuandikwa kwenye karatasi.

Mwaka 1991 Pangani ikawa bonde la kwanza Tanzania kupata bodi yake ya maji. Uswidi nayo imo katika kisa hiki. Mtambo mpya wa Pangani Falls, wa megawati 68, ulijengwa kwa msaada wa Norwe, Ufini na Uswidi, ukaanza kazi katikati ya miaka ya 1990. Mtambo unataka maji yafike chini, na wakulima wa juu nao wanayataka. Ikaja habari ya vibali na ada. Wazee wa mifongo wakauliza swali ambalo hadi leo linarudiwa: mfereji tulichimba sisi, mvua ni ya Mungu, sasa tunalipia nini? Halikuwa swali la ujinga. Ni swali la mtu ambaye alikuwa msimamizi na ghafla ameandikishwa kuwa mtumiaji.

Hatusemi kwamba wazee walikuwa na haki katika kila kitu. Mfongo ulijua kugawa maji ya kijito kimoja, lakini haukuwa na njia ya kumsikia mkulima wa karibu na mji wa Pangani, ambaye maji ya bahari yanapanda mtoni na kuingia mashambani mwake mto unapopungua nguvu. Watu wa chini walihitaji chombo kikubwa zaidi ya mfereji. Ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ni hatua ya maana, kwa kuwa imezipa nafasi jumuiya za watumiaji maji na kamati za vidakio chini ya bodi za mabonde, ambayo Tanzania ina tisa. Kenya ilitangulia katika njia hiyo kwa sheria yake ya 2002, iliyotambua vyama vya watumiaji maji. Somo tunaloliona ni kwamba bodi haiwezi kuchukua nafasi ya mfereji, na mfereji hauwezi kuchukua nafasi ya bodi. Kila mmoja unamhitaji mwenzake, na daraja kati yao ni kikao cha kweli.

Kikao kisicho cha kweli tunakijua pia. Huko nyumbani kina soda, posho, karatasi ya mahudhurio na picha ya pamoja. Hapa kina kahawa, mikate ya mdalasini na slaidi. Katika vyote viwili mpango umeshachorwa, na watu wameitwa waje kuupigia makofi.

Wapo watakaotupinga. Watasema maji ni sayansi: fosforasi haipungui kwa sababu watu wamepiga kura. Watasema pia kwamba ukiwaita watu wengi kazi inachelewa, nalo ziwa halingoji. Tunakubali kwamba kipimo cha fosforasi ni kazi ya maabara. Lakini maabara haijui ni kona gani ya mtaa inafurika barafu ikiyeyuka, wala kwa nini watu wanaosha magari pale na si mahali pengine, wala nini kitawafanya waache. Mambo hayo yanajulikana na wakazi tu. Na kuhusu kuchelewa, mpango unaopingwa baada ya kujengwa huchelewa zaidi kuliko mpango uliosubiri vikao viwili vya mwanzo.

Jambo hili si dogo kwa Flemingsberg ya sasa. Kuna mipango mikubwa ya ujenzi hapa, ya nyumba na ofisi. Kila uwanja unaofunikwa kwa lami ni ardhi iliyoacha kunywa mvua, na maji yake lazima yaende mahali. Watakaoamua mahali hapo ni wale watakaokuwa ukumbini.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mashauriano yaanze kabla ya ramani. Watu waulizwe wanajua nini kuhusu maji ya mtaa wao kabla ya kuonyeshwa mistari. Pili, mwaliko uandikwe kwa lugha wanazozungumza watu wa mtaa, na kikao kifanyike pale walipo: msikitini, kanisani, kwenye klabu ya mpira, kwenye chumba cha mikutano cha jengo, saa ambayo mtu wa zamu za usiku anaweza kufika. Tatu, waliotoa maoni wapewe jibu. Waambiwe hili tumelichukua, hili tumeliacha, na sababu ni hizi. Mtu aliyesema mara moja bila kujibiwa harudi mara ya pili.

Pendekezo la nne si kwa manispaa. Ni kwetu wenyewe. Wengi wetu tumejifunza Kiswahili mezani na kwenye simu na bibi, na baadhi yetu katika masomo ya lugha ya mama baada ya shule. Tunaona aya ya ofisini tunaielewa, tunamwona mama anaipita, na tunanyamaza. Wakati mwingine tunaona haya kwa Kiswahili chetu cha kuvunjika vunjika, tukidhani kazi ya kutafsiri ni ya wasomi wakubwa. Walimu wetu watatusahihisha ngeli, na tunawashukuru, lakini kitundu cha barabarani hakingoji ngeli. Tunapendekeza chama kiunde kikundi kidogo cha kufuatilia matangazo ya mipango ya maji na ujenzi hapa Flemingsberg, kuyaandika kwa Kiswahili chepesi cha ukurasa mmoja, na kuwasindikiza vikaoni wazazi wanaotaka kwenda. Wenzetu wanaozungumza Kisomali, Kiarabu na Kituruki wanaweza kufanya vivyo hivyo.

Yule mama tumeshamwahidi. Tangazo jingine likibandikwa, tutalisoma naye pale pale mlangoni, na siku ya kikao tutakwenda naye. Ameshatuambia atakachouliza kwanza: zamu ya kusafisha mfereji ni ya nani?