Mzuka wa Mbwa Umekata? Mpe Dogo wa Getini Likizo

Leo simtaji mtu jina. Ukijiona humu nyamaza tu, usije ukajitaja mwenyewe kwa presha.

Staa akipost picha yuko juu ya farasi, kesho yake vijiwe vyote vya Tunduma ni stori moja: "Mwanangu, nikitoboa nanunua farasi." Sawa, ndoto haitozwi ushuru. Ila farasi kwa nchi zetu hizi ni mtihani. Kuna ugonjwa wa farasi unaoenezwa na usubi, vile vidudu vidogo kuliko mbu. Pundamilia anaubeba na anadunda tu, farasi akiupata mara nyingi ndiyo basi tena. Bado hujagusa mapori yenye mbung'o. Jeshi la Polisi lina kikosi chake cha mbwa na farasi, wenye hela zao kule Arusha wanao wa kupanda, sisi wa Songwe tumeangukia kwa mbwa wa kizungu. German Shepherd ndiye farasi wetu.

Na ugonjwa wa wenye farasi tumeuchukua vilevile: mzuka unakata.

Mnajua inavyokuwaga. Mwezi wa kwanza kinakuja kibwa kwenye boksi kutoka Mbeya au Dar, masikio bado yamelala. Status kila siku. Kinalala sebuleni, kina blanketi lake, kina jina la mchezaji wa Ulaya. Mwezi wa nne kimeshatafuna kandambili za wageni na waya wa chaja. Ikifika mwaka ni jibwa la kilo thelathini na kitu, linamwaga manyoya kama godoro lililochanika, limechimba bustani yote ya mama mwenye nyumba, na maji ya kuliogesha ni ya kununua kwa ndoo, maana Tunduma na maji mnajua wenyewe. Status zinakoma. Unanunuliwa mnyororo. Jibwa linahamia nyuma ya nyumba karibu na tenki, na kazi yote anaachiwa dogo wa getini.

Watu wanasema mzuka unakatwa na gharama. Mimi nakataa. Hawa ni watu ambao bata la wikiendi moja upande wa Nakonde linamlisha mbwa mwezi mzima. Kinachokata mzuka ni mgawanyo wa kazi. Ukishamkabidhi dogo kulisha, kutembeza, kuchana manyoya na kufungulia asubuhi, wewe unabaki na nini? Unabaki na kulipa, na kusikiliza kesi za majirani. Raha yote umempa mtu mwingine na bado unamlipa mshahara!

Kuna bosi mmoja mtaani kwetu, mambo yake ni spea za malori. Jibwa lake lilifika hatua likawa linamngurumia yeye mwenyewe akiingia getini usiku. Dogo likimwona linagaragara chini kama mtoto. Bosi akakasirika, akaanza kutafuta mteja. Alikuwa analiuza kwa bei ambayo hata mbuzi mzuri wa Momba humpati. Kabla mteja hajaja, msimu wa kupanda ukafika, dogo akaja kuomba ruhusa.

"Shikamoo bosi. Naomba niende nyumbani Ileje, tunapanda mahindi."

"Marahaba. Siku ngapi?"

"Wiki mbili tu bosi. Ila nani atamlisha mbwa?"

Bosi akasema hilo si la kuuliza. Siku ya kwanza alirusha ugali kwa mbali kama anayetupa jiwe mtoni. Siku ya tatu jibwa likaacha kunguruma, likawa linamtazama tu. Mbwa hana kinyongo kirefu na mtu anayeleta sufuria. Siku ya tano au ya sita mke wake akamkuta amechuchumaa pale nyuma na kitana cha zamani, anachana manyoya, anaongea na mbwa mambo ya dereva aliyemkimbia na hela ya gia boksi. Dogo aliporudi alikuta kazi yake ya asubuhi imechukuliwa. Saa kumi na mbili bosi ameshatoka na kamba mkononi, njia ya vumbi, kabla malori hayajaanza kuamka. Mteja yule aliambiwa mbwa ameghairi.

Nimeona watu wanamcheka eti bosi mzima anatembeza mbwa. Wacheke. Mimi namwona kama mtu pekee mtaani aliyeanza kula faida ya hela yake.

Tuelewane na huyu mnyama ni nani. German Shepherd alianza kuzalishwa kama mbegu rasmi Ujerumani mwaka 1899, kutokana na mbwa wa kuchunga kondoo. Yaani babu zake walikuwa wanatembea na mchungaji kutwa nzima, wanasikiliza sauti yake, wanageuza kundi. Huyo ndiye umemfunga mnyororo wa mita mbili. Akibweka usiku kucha mnasema mkali, akichimba mnasema mkorofi. Jamani, huyo ni kijana mwenye digrii asiye na ajira! Mpe kazi hata ndogo. Mfundishe kukaa, kusubiri, kuja akiitwa. Dakika kumi asubuhi, kipande cha utumbo mkononi, na usirudie amri mara ishirini kama muuza mitumba. Siku akikaa kwa neno moja mbele ya wageni, utasikia kitu ambacho status yenye vyuu elfu haijawahi kukupa.

Na simu iache ndani. Hili nalikazia kwa sababu ndilo lililotufikisha hapa. Mbwa alinunuliwa kwa ajili ya kuonekana, ndiyo maana watu walipochoka kulike, na mwenye mbwa akachoka.

Kuna dada mmoja wa saluni pale Majengo ana mbwa koko wa kahawia. Hakumnunua, alijileta mwenyewe wakati wa baridi ya Juni, akalala mlangoni. Hana mbegu, hana picha mtandaoni. Anamsindikiza dada hadi kibandani asubuhi na kumrudisha jioni. Muulize huyo dada kama mzuka umewahi kukata, atakushangaa, maana hakuwahi kuwa na mzuka. Ana mbwa tu.

Sasa tukae siriasi kidogo. Mbwa aliyechokwa hayuko salama, na si kwake tu. Akishasahaulika nyuma ya nyumba, cha kwanza kusahaulika ni chanjo. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona, na karibu kesi zote za watu zinatokana na mbwa. Kati ya wanaong'atwa watoto ni wengi, hawa hawa wanaoingia uani kwako kufuata mpira. Kibwa achanjwe akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka, nenda ofisi ya mifugo ya halmashauri uulize. Kuna na parvo, inayoua vibwa kwa kuhara damu ndani ya siku chache, nayo ina chanjo yake na inaanza mapema zaidi, wiki ya sita hadi ya nane. Mtu aking'atwa, hata kama ni mbwa wa nyumbani, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu hospitali moja kwa moja. Habari za kupaka mafuta ya taa achaneni nazo.

Na wapo ambao kweli wasiwe na mbwa, nisiwadanganye. Umepanga chumba na sebule, uani mko familia sita, jirani yako anaswali na mbwa anapita kwenye mkeka wake: ndugu yangu, hapo tatizo siyo mzuka. Mtafutie mtu mwenye uwanja, mtu wa shamba kule Mbozi mwenye kahawa yake ya kulinda, mkabidhi na kadi ya chanjo mkononi. Usimshushe kwenye gari usiku barabara ya Mpemba ukakanyaga mafuta. Kesho atakuwa anakimbizana na malori, na ninyi ndio mtakaorusha video mkisema mbwa wamezidi mjini.

Ila wewe mwenye geti, uwanja na uwezo, ambaye sababu yako ni "sina mzuka tu," hoja yako siipokei. Mzuka hausubiriwi sebuleni. Jumatatu mwambie dogo sufuria ya asubuhi ni yako. Kamba ifuate wiki ijayo. Mwezi ukiisha na bado unamwona mbwa kama deni, uza, sitakulaumu. Ila sidhani. Nimeshawaona watatu hapa mjini walioanza kwa kulazimishwa, mmoja sasa hivi anamdanganya mkewe kwamba anaenda mazoezi.

Suala la msosi ndilo tunabishana kila siku kijiweni. Mimi nampikia ugali wa dona na dagaa wa kusaga, mara moja moja vichwa vya kuku, mifupa ya kuku iliyopikwa simpi kwa sababu inavunjika vipande vyenye ncha. Kuna mdau ananiambia maharage yanatosha, eti mbwa wake ananawiri. Wenye mbwa wa Vwawa, Mlowo na Tunduma, semeni hapo chini mnawalisha nini na dagaa mnachukua wapi, maana bei ya sokoni kwetu wiki hii siielewi.