Kumlisha Mnyama Aliyeokolewa

Juma hili twazungumza juu ya desturi iliyoenea Marekani na Uingereza, ya mtu kumfadhili mnyama aliyeokolewa ambaye anaishi katika kituo cha hifadhi. Tuchukue mfano wa lama. Huyu ni mnyama wa milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, jamaa wa ngamia ingawa hana nundu, na wenyeji wa huko wamembebesha mizigo tangu zamani.

Katika miaka ya 1980 lama waligeuka kuwa biashara ya fahari huko Marekani, wakauzwa kwa bei ya juu mno. Bei ilipoanguka, wengi walibaki mikononi mwa watu waliochoka kuwatunza. Wengine waliachwa bila malisho, na wengine wenyewe walizeeka au kufariki. Wanyama wa namna hiyo ndio wanaopelekwa vituoni.

Yafaa ifahamike kwamba kumwokoa mnyama huweza kuwa kazi ya siku moja, bali kumlisha ni kazi ya miaka. Lama huishi miaka 15 hadi 20. Aliyekomaa hula kiasi cha kilo 3 za majani makavu kwa siku, yaani zaidi ya tani moja kwa mwaka. Ongeza dawa ya minyoo, kukatwa kucha na kunyolewa manyoya. Tena hapendi upweke, hivyo yafaa wawe wawili au zaidi. Gharama hizi ndizo mfadhili anazosaidia. Yeye hutoa fedha kidogo kila mwezi au kila mwaka, naye hupelekewa picha na habari za mnyama wake. Mnyama hahami kituoni, na wafadhili kadhaa huweza kushirikiana kumtunza mmoja.

Askari atalielewa jambo hili upesi, maana kikosi hakishibi kwa posho ya jana. Mwishoni mwa mwaka 2010, katika jimbo la Montana, kituo kimoja chenye mamia ya lama kiliishiwa fedha wakati wa baridi kali. Wanyama walikonda kwa njaa, hata watu wa kujitolea wakaja kuwalisha na kuwatafutia makazi mapya. Nia njema ilikuwapo, lakini ghala lilikuwa tupu.

Kwa hiyo, atakaye kufadhili na aulize kwanza: Kituo kina wanyama wangapi? Chakula kilichopo kitatosha miezi mingapi? Daktari wa mifugo huja mara ngapi? Hesabu za fedha huonyeshwa? Kituo kinachojibu waziwazi, na kinachothubutu kusema kwamba nafasi imejaa, ndicho cha kuaminiwa.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hata hivyo, moyo nao wahitaji hesabu. Nanyi wazazi, mtoto akiomba kuletewa sungura au njiwa, mwulizeni vivyo hivyo: atamlisha nini, na kwa muda gani?