Wasee, Black Lotus si ploti ya Kitengela

Niseme tu mapema: hii tabia ya kuchukulia kadi kama ploti, unanunua, unaweka ua, unangoja bei ipande, imenichosha. Na hakuna kadi imeumizwa nayo kama Black Lotus ya Magic: The Gathering.

Kwa wale hawaijui, cheki vile inafanya kazi. Kwenye Magic unalipia kadi zako kwa nguvu inayoitwa mana, na mana mara nyingi inatoka kwa kadi za ardhi. Ardhi unaruhusiwa kuweka moja tu kila zamu, ndiyo maana mchezo huanza polepole. Sasa Black Lotus inaingia. Bei yake ya kuchezwa ni sufuri. Unaiweka mezani bure, unaitoa kafara, inakupa mana tatu za rangi moja unayotaka. Yaani zamu ya kwanza kabisa, mwenzako ana mana moja, wewe una nne. Buda, hiyo ni kuruka foleni ya matatu saa kumi na mbili jioni na bado ukapewa kiti cha mbele kando ya dere.

Ilitoka Agosti 1993, katika toleo la kwanza kabisa, Alpha. Richard Garfield, aliyebuni mchezo, alidhani watu watanunua pakiti chache tu, kwa hivyo kadi kali ingekuwa moja kwa mtaa mzima, kama vile darasani kulikuwa na msee mmoja mwenye mpira wa ukweli. Wakati huo hakukuwa na kikomo: ukipata Lotus kumi, unaweka zote kumi. Watu walinunua makatoni. Kufikia 1994 sheria zikaja: kadi nyingi mwisho nne kwa deki, Lotus mwisho moja. Mpaka leo, mtindo unaoitwa Vintage unakuruhusu moja tu. Legacy imepigwa marufuku. Commander, ambayo ndiyo watu wengi hucheza siku hizi, pia marufuku.

Sasa tuongee kuhusu uhaba, maana hapa ndipo watu hudanganyana. Kila kadi adimu ya Alpha ilichapishwa takriban nakala 1,100. Beta ikaongeza kama 3,300, Unlimited kama 18,500. Lakini kuna kadi inaitwa Purelace, pia adimu, pia ya Alpha, nakala zilezile 1,100. Kazi yake? Inageuza kitu kuwa cheupe. Hiyo tu. Ukiwa na Purelace ya Alpha una kitu adimu sawasawa na Lotus ya Alpha, lakini nenda uone kama kuna mtu atakuuzia gari kwa hiyo. 2021 Lotus moja ya Alpha iliuzwa dola 511,100, zaidi ya shilingi milioni 55. Kwa hivyo usiniambie ni uhaba peke yake. Ile kadi ni ghali kwa sababu watu waliicheza, wakapigwa nayo, wakaiota usiku. Mchezo ndio uliipa jina. Halafu jina limefanya iwe ghali mpaka haichezwi, imefungiwa kwenye plastiki na namba ya daraja juu yake kama maiti yenye lebo.

Na kuna karatasi inayoshikilia hii hali. 1995 kampuni, Wizards of the Coast, ilitoa toleo la Chronicles likirudia kadi za zamani, wakusanyaji wakawaka moto. 1996 ikawapa ahadi: kuna orodha ya kadi ambazo hazitachapishwa tena, Reserved List. Lotus imo.

Naelewa upande wao, sitajifanya. Kama ulitoa hela yako ukiamini ahadi, na kuna wenye maduka ambao akiba yao ya uzeeni iko kwenye kabati la vioo, ahadi ikivunjwa unaumia. Lakini angalia Shivan Dragon. Joka hilo limechapishwa tena na tena, unaweza kulipata kwa bei ya chapati, na bado lile la Alpha linauzwa maelfu ya dola. Mwenye kutaka karatasi ya 1993 atalipia ya 1993. Kuchapisha upya hakumwibii.

Kilichonikasirisha kabisa ni 2022. Kusherehekea miaka 30, kampuni ilileta Lotus mpya kwenye pakiti za bahati nasibu: pakiti nne, kadi 60, dola 999. Na mgongo wa kadi ni tofauti, kwa hivyo huwezi kuingia nayo kwenye mashindano rasmi. Yaani unalipa zaidi ya laki moja ya Kenya, labda hupati Lotus, na ukiipata ni feki iliyobarikiwa na mwenyewe. Ahadi haikuvunjwa, ati. Ilizungukwa tu.

Kwa hivyo msimamo wangu kuhusu kadi za kuchapisha cyber ni rahisi. Kama unauza ukisema ni ya ukweli, wewe ni mwizi, kwisha. Kama unaiweka kwenye deki, mwenzako anajua, mnacheza kwa meza yenu, hakuna aliyepoteza kitu. Shilingi kumi ya rangi, mkasi, unaiingiza kwenye kifuko mbele ya ardhi ya kawaida ili ipate ugumu. Mimi ndivyo nacheza Vintage, na deki yangu ina Lotus ya karatasi moja tu, si nne, juu hata kwa karatasi ya cyber sheria ya 1994 naiheshimu. Ukitaka kuijaribu, niko na deki ya pili, nayo pia ina yake.